Kutafuta Kasoro ya Kompyuta ya Nyumbani: Somo Kutoka Mwambao wa Ziwa Victoria

Katika nchi ya Usukuma, baiskeli ikianza kutoa mlio usio wa kawaida, fundi aliye chini ya mwembe haanzi kwa kufungua ekseli. Huigeuza juu chini, huzungusha gurudumu na kusikiliza, hugusa breki, kisha hutazama mnyororo. Na mara nyingi kasoro hujitokeza kabla spana haijashikwa. Utaratibu huo haufundishwi darasani. Umerithiwa, na karibu kila kijana wa Misungwi au Magu anao. Kuhusu kompyuta, urithi wa namna hiyo bado ni mdogo, na sababu mojawapo ni ya kihistoria. Serikali ya Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Lakini mwaka 1974 uingizaji wa mashine hizo nchini ulipigwa marufuku, na marufuku hayo yalilegezwa kidogo kidogo tu katika miaka ya 1980. Hivyo walimu wengi wenye umri wa miaka hamsini na zaidi waliigusa kompyuta kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima, na hakuna baba wala mjomba aliyewafundisha kuisikiliza.

Matokeo yake ni kwamba kompyuta ya nyumbani inapogoma, aghalabu mwenyewe huipeleka moja kwa moja kwa fundi, na fundi mwenye haraka huwa na dawa moja kwa kila ugonjwa, nayo ni ile inayojulikana mitaani kwa jina la "kupiga windo", yaani kufuta programu kuu ya mashine na kuipandikiza upya. Dawa hiyo wakati mwingine ni ya lazima. Walakini, ikitolewa bila uangalifu, hufuta pia kila kitu kilichohifadhiwa katika diski.

Ichukuliwe kuwa mwalimu mmoja wa sekondari anaishi Nyegezi, na kwamba katika kompyuta yake ya mezani mna alama za majaribio ya muhula mzima za mikondo minne, pamoja na mtihani wa mwisho aliokwisha kuutunga. Siku tatu kabla ya shule kufungwa anabonyeza kitufe, na mashine haioneshi dalili yoyote ya uhai. Kilicho hatarini hapo si mashine. Mashine yaweza kupatikana nyingine iliyotumika, kwa bei ya kuumiza lakini inayojulikana. Kilicho hatarini ni zile alama, ambazo haziuzwi dukani. Kwa hiyo swali la kwanza halipaswi kuwa "nani ataitengeneza?", bali "kasoro iko wapi, na je, imezigusa alama?"

Jibu hutafutwa kwa kanuni mbili ambazo kila mwanafunzi wa fizikia anazifahamu, ijapokuwa si kila mara hukumbuka kuzitumia nyumbani. Kwanza, uchunguzi uanzie nje na kuingia ndani: ukutani, kwenye waya, kwenye kisanduku cha umeme, na mwisho kabisa kwenye programu. Pili, kibadilishwe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Mtu anayebadilisha waya, soketi na kioo kwa pamoja, kisha akaona mashine imewaka, atakuwa amepona bila kujua alichokuwa akiugua, na juma lijalo ataugua tena.

UKUTANI NA KWENYE WAYA

Mwalimu wa Nyegezi aanze kwa kuchomeka taa au chaja ya simu katika soketi ile ile. Ikiwaka, soketi ni nzima. Kisha achomeke kompyuta moja kwa moja ukutani, pasipo ekstensheni, kwa kuwa ekstensheni za bei nafuu hulegea ndani na kupitisha umeme kwa kukatakata. Plagi ya miguu mitatu ya mraba inayotumika nchini ina fyuzi ndogo ndani yake. Ikiungua, plagi hubaki na sura ile ile ya uzima, nayo hudanganya watu wengi. Tena, waya unaopeleka umeme kwenye kioo na ule unaopeleka umeme kwenye kompyuta ya mezani aghalabu ni wa aina moja. Kuvibadilishana vifaa hivyo viwili waya ni jaribio lisilogharimu hata shilingi moja, na huonesha mara moja kama kosa ni la waya.

Nyuma ya baadhi ya kompyuta za mezani za zamani, hususan zile zilizoletwa zikiwa zimetumika, pana swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230. Umeme wa nyumbani Tanzania ni wa volti 230. Swichi hiyo ikiachwa kwenye 115, kama ilivyowekwa huko Marekani, kisanduku cha umeme hupasuka kwa mlio mara tu mashine inapochomekwa. Yapasa kuitazama kabla ya kuchomeka, maana baada ya mlio hakuna kinachobaki cha kutazama.

Lipo pia jambo moja ambalo huonekana kama mazingaombwe ilhali ni fizikia tu. Umeme ukikatika na kurudi upesi upesi, kinga iliyomo ndani ya kisanduku cha umeme, ambacho mafundi hukiita pawasaplai, yaweza kujifunga na kukataa kufunguka. Inashikiliwa na chaji iliyobaki ndani ya kapasita. Dawa yake ni kuchomoa waya wa ukutani kabisa, kubonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda wa sekunde 30 hivi ili chaji hiyo iishe, kisha kuchomeka tena. Kompyuta mpakato nazo hufaidika kwa tendo hilo hilo, baada ya kuchomolewa chaja na, ikiwezekana, betri. Mashine nyingi zilizotangazwa kuwa zimekufa zimefufuka kwa njia hiyo.

Ikiwa feni zinazunguka lakini kioo ni cheusi, mambo mawili ya kuangalia kabla ya fundi ni waya wa kioo na kumbukumbu ya muda, yaani ramu. Vibanzi vya ramu huchomekwa kwenye mfereji mwembamba, na meno yake ya rangi ya dhahabu hushika utando kwa vumbi na unyevu. Mashine ikiwa imechomolewa, na mtu akiwa amegusa kwanza chuma tupu cha boksi ili kuondoa umeme tuli mwilini, kibanzi hutolewa, meno yake husuguliwa taratibu kwa raba safi ya penseli, kisha hurudishwa hadi kilio cha "ta" kisikike pande zote mbili.

Pawasaplai yenyewe isifunguliwe na mwalimu wala mwanafunzi, hata ikiwa imechomolewa. Volti 230 za umeme wa kupishana zina kilele cha volti 325 hivi, na kapasita zilizomo humo huweza kushikilia zaidi ya volti 300 kwa muda baada ya waya kutolewa. Kisanduku hicho hubadilishwa kizima.

SAA ZA RADI

Adui mkubwa wa kompyuta katika mwambao huu hakai ndani ya kompyuta. Satelaiti iitwayo TRMM, iliyorushwa na Marekani na Japani mwaka 1997 na kufanya kazi hadi mwaka 2015, ilibeba chombo cha kuhesabu mimweko ya radi, na takwimu zake ziliweka eneo la Ziwa Victoria miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi sana duniani. Lililo muhimu zaidi kwa mwenye kompyuta ni saa za radi hiyo. Juu ya maji, mimweko mingi hutokea usiku wa manane na kuelekea alfajiri, ilhali nchi kavu hupata ngurumo zake zaidi alasiri.

Sababu yake inafahamika. Ziwa lina ukubwa wa kilometa za mraba 68,800 hivi, na maji yake hukaa karibu na nyuzi 25 za Selsiasi mchana na usiku. Ardhi inayolizunguka hupoa upesi jua likizama. Hewa baridi ya nchi kavu, ikiwa nzito, huteremka kuelekea ziwani kutoka pande zote, hukutana juu ya maji yenye joto, na kwa kuwa haina pa kwenda ila juu, hupanda ikiwa imebeba mvuke mwingi na kujenga mawingu marefu ya radi. Wavuvi wa Ukerewe walilijua jambo hili kabla satelaiti haijarushwa. Upepo wa juu, ambao kwa kawaida huvuma kutoka mashariki, husukuma mvua hizo zaidi kuelekea upande wa Bukoba, ambako mvua ya mwaka ni karibu milimita 2,000. Lakini mwambao wa Mwanza nao hupata sehemu yake, hasa katika miezi ya Oktoba hadi Desemba na ile ya Machi hadi Mei.

Kutokana na maelezo hayo hupatikana shauri moja la matumizi, ambalo huenda lina thamani kuliko mengine yote katika makala haya: kompyuta ichomolewe ukutani kabla ya kulala. Mtu anayengoja kusikia ngurumo ndipo achomoe, atakuwa usingizini ngurumo hizo zinapofika. Kuzima kwa swichi ya ukutani pekee hakutoshi, kwa sababu nafasi kati ya vipande viwili vya chuma ndani ya swichi ni ya milimita chache tu, na umeme uliokwisha ruka angani haushindwi kuruka milimita chache.

Si lazima radi ipige nyumba. Mkondo wake ni wa maelfu mengi ya ampea, nao hupanda katika muda wa sehemu chache za milioni ya sekunde. Mabadiliko ya kasi namna hiyo, hata yakitokea mbali kidogo, huzalisha volti kubwa katika kila waya mrefu ulio karibu: waya wa umeme juu ya nguzo, waya wa antena ya televisheni, na waya wa intaneti uliopitishwa kutoka paa la jirani. Huu wa mwisho husahauliwa mno. Watu huchomoa umeme na kuacha waya wa mtandao mahali pake, kisha hushangaa radi iliingilia wapi.

Hapa hapana budi kuondoa imani moja iliyoenea. Stabilaiza, lile boksi lenye mshale unaochezacheza, hairekebishi radi. Kazi yake ni kupandisha au kushusha volti zinapopungua au kuzidi polepole, na swichi zake za ndani huhitaji elfu kadhaa za sekunde kuitikia. Radi huwa imekwisha kupita na kuondoka. Wala UPS si ngao ya radi. UPS ni ya kununua muda, na muda huo wanafunzi wanaweza kuukadiria. Betri ya kawaida ndani ya UPS ndogo ni ya volti 12 na ampea-saa 7, ambazo zikizidishwa hutoa wati-saa 84. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake vikila wati 120, hesabu ya haraka hutoa dakika 42. Saa ya ukutani itasema dakika 15 au 20. Tofauti hiyo ni ya kufundishia: sehemu ya nishati hupotea katika kugeuza umeme wa betri kuwa wa kupishana, na betri ya risasi na asidi ikilazimishwa kutoa mkondo mkubwa kwa haraka haitoi ampea-saa zilizoandikwa ubavuni mwake. Dakika 15 zatosha kuhifadhi kazi na kuizima mashine kwa utaratibu. Hazikukusudiwa kumalizia kuandika mtihani.

Umeme unaporudi baada ya kukatika, mafriji na pampu za mtaa mzima huwaka kwa wakati mmoja, na volti huyumba. Kungoja dakika tano kabla ya kuwasha kompyuta ni desturi njema.

ETHI JUU YA MAWE

Mgeni afikapo Mwanza hustaajabia mawe. Nyumba za Bugarika, Mabatini na Igogo zimekaa juu ya majabali ya matale kana kwamba zimebandikwa, na jiji limepata sifa yake kwa mawe hayo. Fundi umeme huyatazama kwa jicho jingine. Mguu wa tatu wa plagi, ule mrefu, umeunganishwa na waya wa ethi ambao hupaswa kuishia kwenye fimbo ya chuma iliyozikwa ardhini. Udongo wa mfinyanzi wenye unyevu una ukinzani wa makumi ya ohm-mita. Jabali gumu la matale lina maelfu. Fimbo iliyopigwa katika udongo wa kina cha sentimeta 40 na kugonga mwamba haifanyi kazi inayodhaniwa.

Dalili ya ethi kukosekana hujulikana na wengi, ila hawaielewi. Mtu akiwa pekupeku anagusa chuma cha kompyuta na kuhisi mtetemo mwepesi vidoleni. Ndani ya pawasaplai mna kapasita mbili ndogo za kuchuja makelele ya umeme, moja kutoka waya wa moto hadi kwenye boksi, nyingine kutoka waya wa baridi hadi kwenye boksi hilo hilo. Boksi lisipounganishwa na ardhi, hukaa katikati ya waya hizo mbili, yaani kwenye volti 115 hivi. Mkondo upitao ni mdogo, wa chini ya elfu moja ya ampea, nao kwa kawaida hauui. Lakini ni barua iliyoandikwa kwa lugha ya vidole, inayosema kwamba nyumba haina kinga. Siku waya wa moto utakapogusa boksi, hakutakuwa na njia ya umeme kwenda ardhini ila mwili wa anayeligusa. Vile vile vifaa vya kuzuia volti za ghafla, vinavyouzwa vikiwa ndani ya ekstensheni nzuri, huelekeza sehemu kubwa ya msukumo huo kwenye ethi. Pasipo ethi, sehemu hiyo haina pa kwenda.

Uko mtindo wa kuchomeka plagi ya miguu miwili kwa kuingiza kalamu katika tundu la juu la soketi ili milango ya matundu ya chini ifunguke. Mtindo huo umeenea mpaka katika ofisi za shule. Mguu wa ethi ndio uliopewa ufunguo wa milango hiyo kwa makusudi, na kalamu ni ufunguo wa bandia.

Kurekebisha ethi juu ya mwamba si kazi ya mwenye nyumba. Fundi mwenye leseni huweza kutandaza waya wa shaba katika mfereji mrefu wenye udongo badala ya kwenda chini, au kuunganisha fimbo kadhaa, au kuishusha ethi hadi sehemu ya chini ya kiwanja inayobaki na unyevu hata kiangazi, kisha akapima kwa chombo chake. Mwenye nyumba anachopaswa kufanya ni kudai kipimo hicho, asiridhike kuona fimbo imechomoza.

WADUDU, VUMBI NA JOTO

Siku za mwezi mwandamo huonekana juu ya ziwa mawingu yanayofanana na moshi. Hayo ni makundi ya wadudu wadogo wasiouma, ambao maisha yao ya ukubwani ni mafupi sana. Usiku hufuata mwanga, na mwanga wa kioo cha kompyuta karibu na dirisha ni mwaliko kwao. Feni huwavuta ndani pamoja na vumbi la kiangazi, nao hukwama kati ya mapezi ya aluminiamu yanayopoza prosesa, hata pakatokea kitu mfano wa blanketi. Mashine iliyovishwa blanketi hupata joto. Ikipata joto hupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue. Na ikizidi, hujizima. Mtumiaji huona "imekuwa nzito" au "inajizima ovyo", na dawa anayouziwa ni windo.

Basi kompyuta inayojizima baada ya robo saa ya kazi, kisha ikawaka vizuri ikipoa, ishukiwe joto kwanza. Hupulizwa kwa pampu ya mkono au kusafishwa kwa brashi laini kavu, feni ikiwa imeshikwa kwa kidole isizunguke. Kompyuta mpakato isiwekwe juu ya kitanda, kwa kuwa matundu yake ya hewa mara nyingi yako tumboni. Chandarua dirishani husaidia kompyuta kama kinavyosaidia watu.

MAGONJWA MADOGO YENYE SURA KUBWA

Kuna kasoro mbili ambazo hutisha watu bure. Ya kwanza: kompyuta inawaka, lakini kila ukurasa wa intaneti unakataliwa kwa onyo kwamba si salama. Mwenyewe hudhani ameingiliwa na wezi. Atazame tarehe kwenye pembe ya kioo. Ikiwa inaonesha mwaka uliokwisha kupita zamani, ugonjwa ni betri ndogo bapa mfano wa sarafu, ya volti 3, yenye maandishi CR2032, inayotunza saa mashine ikiwa imezimwa. Kurasa za intaneti hujitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayodhani kuwa mwaka ni 2010 huona vyeti vyote bado havijaanza kutumika, na kwa haki kabisa huvikataa. Kompyuta za mezani zinazochomolewa kila usiku, kama ilivyoshauriwa, huimaliza betri hiyo mapema kidogo. Ni bei ndogo ya kulipa.

Ya pili huletwa na flashi. Mwanafunzi huchomeka flashi yake katika kompyuta ya duka la kuchapa, akirudi nyumbani hukuta folda zake zote zimegeuka kuwa njia za mkato zenye mshale mdogo, na kila akizifungua kirusi hujinakili katika mashine nyingine. Wengi hapo huifuta flashi yote, na ndipo hasara ya kweli inapotokea, kwa sababu aghalabu folda za asili bado zimo: zimefichwa tu. Zisibonyezwe zile njia za mkato. Flashi ikaguliwe kwanza kwa programu ya kuua virusi. Kisha, katika dirisha jeusi la amri, iandikwe amri hii, herufi E ikibadilishwa kwa herufi ya flashi inayohusika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Amri hiyo huondoa alama za kufichwa, na kazi hurudi machoni. Ndipo inakiliwe mahali pengine, na flashi isafishwe.

Kuhusu mashine nzito kwa jumla, yatosha kusema machache. Diski isijazwe hadi pomoni, bali ibakizwe walau sehemu moja ya kumi. Programu zinazojiwasha zenyewe asubuhi zipunguzwe. Diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka ikibadilishwa kwa ile isiyo na kitu kinachozunguka, mashine ya miaka kumi hupata ujana ambao hakuna windo litakaloipa. Kadhalika ifahamike kwamba Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba Windows 11 hukataa mashine nyingi za zamani. Kwa shule zenye mashine hizo, mfumo wa Linux, ambao hautozwi ada, ni njia ya kufikiriwa kwa dhati, ijapokuwa utadai uvumilivu wa wiki chache.

ALAMA ZA MWALIMU

Turejee Nyegezi. Taa imewaka katika soketi. Waya umebadilishwa bila mafanikio. Kitufe kimebonyezwa kwa sekunde 30 na mashine bado kimya. Usiku uliotangulia kulikuwa na radi, na mashine haikuchomolewa. Kwa hiyo pawasaplai ndiyo ya kushukiwa, na pengine bodi kuu pamoja nayo. Lakini diski, ambamo alama zimo, ni kifaa kinachojitegemea, na mara nyingi hunusurika pale vingine vinapoungua. Hufunguliwa kwa skrubu nne, huunganishwa na kompyuta ya mwalimu mwenzake kwa waya maalumu wa USB, na alama husomeka kama vile hakuna kilichotokea. Hilo ndilo ombi la kumpelekea fundi: "Toa diski kwanza, unakili kilichomo, ndipo uendelee." Fundi mzuri hulifanya bila kuambiwa.

Yapo masharti mawili. Diski ya sahani ikiwa inatoa mlio wa kugonga, tik, tik, tik, isiwashwe tena hata mara moja kwa kujaribu, maana kila jaribio huweza kukwangua zaidi. Na kompyuta nyingi za siku hizi hufunga diski kwa maandishi ya siri, ambayo hufunguliwa tu kwa ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo uandikwe kwenye karatasi leo, mashine ikiwa bado nzima, uwekwe pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Nafuu zaidi ni kutofika huko. Alama za wanafunzi 200 katika jedwali la kompyuta kwa kawaida hazifiki kilobaiti 100, yaani hazifikii ukubwa wa picha moja ya simu. Kujitumia jedwali hilo kwa barua pepe kila Ijumaa hakuli kifurushi. Nakala moja ibaki katika kompyuta, ya pili katika flashi isiyochomekwa mahali pengine popote, na ya tatu nje ya nyumba, kwa sababu radi, mwizi na moto huchukua kompyuta pamoja na flashi iliyolala juu yake.

KAZI YA DARASA

Darasa la jiografia au fizikia linaweza kuyapima maelezo ya radi yaliyotolewa hapo juu bila chombo chochote zaidi ya saa na daftari. Kwa muda wa mwezi mmoja wa masika, kila mwanafunzi aandike tarehe na saa ya ngurumo ya kwanza na ya mwisho aliyoisikia, akiwapa kazi hiyo pia walio macho usiku nyumbani kwake, kama vile mama mwenye mtoto mchanga au mlinzi. Shule iliyo ukingoni mwa ziwa, mathalani Bwiru, ibadilishane daftari na shule iliyo mbali na maji, kama Ngudu katika Kwimba. Ngurumo zipangwe katika mafungu ya saa tatu tatu na kuchorwa kwa mihimili. Ikiwa mihimili mirefu ya Bwiru itasimama upande wa alfajiri na ya Ngudu upande wa alasiri, wanafunzi waeleze kwa nini. Na ikiwa haitakuwa hivyo, waeleze hilo pia, wakitaja pepo, milima na umbali kutoka majini. Kila daftari lioneshe vilevile ni nyumba ngapi zilikuwa na kompyuta au televisheni iliyochomekwa saa ile ngurumo ilipoanza.